Maswali ya Wasomaji: Je, Pembe Hizi Tatu Zinafunga?

Barua za mwezi huu zimetoka mikoa ya Tabora na Kigoma, na karibu zote zinazunguka jambo moja. Mtu ana pembe tatu mkononi, za daftari, za mchoro wa paa au za kifaa cha kupimia ardhi, naye anataka kujua kama zinaweza kufunga pembetatu. Kujumlisha kwenyewe mtoto wa darasa la sita anakuweza. Ugumu huja baada ya kujumlisha, ndiyo maana majibu mengine ni marefu kuliko maswali.

Mwangaluka wahariri. Mwanangu wa darasa la sita alipewa seti nne za pembe aseme zipi zinaweza kuwa pembe za pembetatu: (a) 60, 70, 50, (b) 90, 45, 55, (c) 120, 60, 0, (d) 100, 95, −15. Alijumlisha, akakubali a, c na d kwa sababu zote zinafika 180. Mwalimu kamkosesha c na d. Nani yuko sahihi?
*Mama wa mwanafunzi, Ipuli, Tabora*

Mwangaluka mama. Mwalimu yuko sahihi, ila mtoto naye hakukosea kujumlisha. Alisahau sharti moja kati ya mawili. Jumla ya pembe tatu iwe nyuzi 180 kamili, na kila pembe peke yake izidi sifuri. Sharti la pili husahaulika kwa kuwa maswali mengi ya vitabuni hayaligusi.

Seti (a) inakubalika. Seti (b) inafika 190, haifungi. Seti (c) ndiyo tamu, na dawa yake ni kuichora badala ya kubishana. Mwambie achore kitako cha sentimita 10. Mwisho wa kushoto ainue mstari wa nyuzi 120, mwisho wa kulia ainue wa nyuzi 60, pembe zote zikipimwa kwa ndani. Ataona mistari miwili inainama upande mmoja na kwenda sambamba, kama vyuma viwili vya reli vinavyotoka stesheni ya Tabora kuelekea Kigoma: havikutani hata ufike ziwani. Kona ya tatu haipo. Ile sifuri haina maana nyingine zaidi ya hiyo.

Kwenye (d) mistari inatanuka kadiri inavyopanda. Akiirefusha kwenda chini ya kitako itakutana huko, lakini hiyo ni pembetatu nyingine, yenye pembe 80, 85 na 15.

Njia ya mkato ya mtihani: jumlisha pembe mbili kubwa kwanza. Zikifika 180 au kuzidi, acha hapo, hakuna haja ya kuitazama ya tatu. Ndiyo maana pembetatu haiwezi kuwa na pembe butu mbili, wala pembe butu pamoja na pembe mraba. Zikiwa chini ya 180, ya tatu imeshajulikana: ni 180 ukitoa jumla hiyo. Katika (b) penye 90 na 45 nafasi iliyobaki ni 45 tu, na aliyeandika 55 ameongeza nyuzi 10 zisizo na pa kukaa.

Shikamooni. Kwa nini ni 180 na siyo 200? Nani aliamua?
*Mwanafunzi wa darasa la saba, Isevya, Tabora*

Marahaba. Umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na majibu yake hayafanani.

Kwamba pembe tatu zikikusanywa zinafanya mstari ulionyooka, hilo hakuliamua mtu. Lijaribu. Kata pembetatu yoyote kwenye karatasi ngumu ya boksi, pande zake zisipungue sentimita 12. Kabla hujaichana, weka alama ya kalamu ya wino kwenye kila kona, kwa sababu ukishachana kila kipande kinakuwa na ncha tatu na hutajua ipi ilikuwa kona ya pembetatu. Chana kona kwa mkono, usitumie mkasi. Ukingo uliochanika unajitambulisha. Zikutanishe zile ncha zenye wino kwenye nukta moja, ubavu kwa ubavu. Vipande vya nje vitakaa juu ya mstari mmoja ulionyooka.

Kuchana karatasi kunaonyesha tu. Uthibitisho ni huu: kupitia kona ya juu chora mstari sambamba na kitako. Pembe ya kushoto ya kitako inajirudia juu, upande wa kushoto wa kona hiyo, kwa kuwa ni pembe mbadala. Ya kulia inajirudia kulia. Katikati inabaki pembe ya juu yenyewe. Tatu hizo zimejaza mstari mzima. Euclid wa Aleksandria aliandika hoja ya namna hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na haijahitaji marekebisho kwa karatasi iliyo bapa.

Namba 180 ndiyo waliyoiamua watu. Mzunguko mzima tunaugawa sehemu 360 kwa kurithi hesabu za Babeli, zilizojengwa juu ya 60. Na hiyo 200 yako ipo kweli: kuna kipimo kinachoitwa gredi, ambacho pembe mraba ni 100, na humo pembe za pembetatu hufika 200. Fungua kikokotoo cha sayansi (cha hesabu, si kile cha mafao) utakuta herufi ndogo D, R au G juu ya kioo. D ni nyuzi, G ni gredi, na R ni radiani. Ukitafuta saini (sin) ya 30 ukapata 0.454 badala ya 0.5, mtu amekiacha kwenye G. Ukipata −0.988, kiko kwenye R. Lipime hilo kabla ya kila mtihani. Linachukua sekunde tano.

Nimewapa wanafunzi pembetatu ileile waipime kwa kipimapembe. Wengi wamepata jumla kati ya 178 na 183. Mmoja kapata 220, mwingine 264. Niwape wote sifuri?
*Mwalimu, Sikonge*

Hapana, Mwalimu. Makosa haya ni ya aina mbili, na kila moja lina alama yake.

Wale wa 178 hadi 183 wamepima vizuri. Kipimapembe cha plastiki kinasomeka kwa nyuzi 1 hivi kila upande, na makosa ya pembe tatu yanaweza kurundikana hadi nyuzi 3. Ukitaka yapungue, tazama mahali pa kuweka kitovu. Kitovu kikihama milimita 1 tu, na msomaji anasoma sentimita 5 kutoka hapo, pembe inapotoka kwa zaidi ya nyuzi 1. Penseli butu inayochora mstari wa unene wa milimita 1 inaleta kosa kama hilo. Vipimapembe vingi pia vina ukingo wa plastiki unaoshuka chini ya mstari wa sifuri. Mtoto anayelaza ukingo huo juu ya kitako, badala ya mstari wenyewe, anakosea kila pembe, na huwezi kuliona kosa lake mpaka usimame nyuma yake. Pande zikiwa fupi zirefushwe kwa rula hadi zivuke namba. Kukisia mstari ungepita wapi si kupima.

Wale wawili wamesoma safu isiyo yao. Kipimapembe kina safu mbili za namba, moja inaanzia kulia na nyingine kushoto, na aliyekosa safu huandika 110 mahali pa 70. Uzuri ni kwamba jumla inamtaja. Chukua kilichozidi 180, kigawe kwa 2, ongeza 90: hiyo ndiyo namba iliyosomwa vibaya. Wa 220 amezidisha 40. Nusu yake 20. Na 90 ni 110. Tafuta 110 kwenye daftari lake, igeuze iwe 70, jumla inarudi 180. Wa 264 amezidisha 84; nusu 42; na 90 ni 132, ambayo ni 48 iliyogeuzwa. Kwa hiyo pembetatu yako ilikuwa na pembe za karibu 70, 48 na 62, bila sisi kuiona.

Jumla ikipungua, toa badala ya kuongeza. Aliyepata 140 amepungukiwa 40, basi 90 toa 20 ni 70: alisoma 70 penye 110. Hesabu hii inafaa pale kosa la safu likiwa moja tu, na ukumbuke zile nyuzi 1 au 2 za kawaida za kupima.

Wa kumwogopa ni yule aliyekuletea 180 kamili. Muulize kama alipima pembe zote tatu. Mara nyingi alipima mbili akatoa ya tatu kwa hesabu, na hapo jumla itakuwa 180 hata kama zile mbili ni za uongo. Pembe ya tatu ina kazi ya kukagua pale tu inapopimwa yenyewe.

Nimepewa mchoro wa paa la ghala la tumbaku, upana mita 6. Kenchi ina nyuzi 25 kushoto, 25 kulia na 130 juu. Nimejumlisha, ni 180. Urefu wa mbao haukuandikwa. Nikate ngapi?
*Fundi, Urambo*

Fundi, hapo umefika mahali ambapo kujumlisha kunaishia. Nyuzi 180 zinakuambia umbo lipo; ukubwa haziujui. Pembe 25, 25 na 130 ni za ghala lako na ni za banda la kuku pia. Mpaka upate upande mmoja ndipo zinakuwa paa, na wewe unao: mita 6.

Gawa upana kwa 2, upate mita 3. Kimo cha kenchi ni 3 mara tanjenti (tan) ya 25, yaani 3 × 0.4663, karibu mita 1.40. Mbao ya mteremko ni 3 gawanya kwa kosaini (cos) ya 25, yaani 3 ÷ 0.9063, mita 3.31. Kama unataka paa litoke nje ya ukuta sentimita 60 zikipimwa kwa usawa wa chini, ongeza 0.60 ÷ 0.9063, ambayo ni mita 0.66. Usiongeze 0.60 kavu, mbao inakwenda kwa mshazari. Jumla mita 3.97. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66, haifiki, nunua ya futi 14. Na kama juu utaweka ubao wa kati, punguza nusu ya unene wake kwenye ile mita 3 kabla hujaanza kugawanya.

Sehemu ya kukata juu: pembe ya 130 inagawanywa na mbao mbili, kila moja nyuzi 65 kutoka ukingo wake. Kama huna kipimapembe cha fundi, skwea inatosha. Shika inchi 12 kwenye mkono mrefu na inchi 5 na sehemu tano za nane kwenye mkono mfupi, zote mbili zikigusa ukingo uleule wa mbao. Ukichora kwa kufuata mkono mfupi unapata mkato wa juu, unaosimama wima paa likishapanda. Kwa mkono mrefu unapata mkato wa kukalia ukuta.

Hebu tuone kinachotokea ukikosea kidogo. Kushoto 25, kulia ikawa 27. Juu itajirekebisha yenyewe iwe 128, jumla bado 180, kenchi inafunga bila manung'uniko. Lakini kwenye upana wa mita 6 kilele kimehama sentimita 13 kutoka katikati. Ukiwa na kenchi moja tu ya namna hiyo kati ya nane, kofia ya bati inapinda hapo na misumari haipati mbao. Pembe zilikubali, paa likakataa.

Kwa hiyo kenchi ya kwanza ndiyo mama. Ilaze chini, pima kimo chake kutoka katikati ya mbao ya chini, kisha nyingine zote zinakiliwe juu yake. Usinakili ya tatu kutoka kwa ya pili: kila nakala ikiongeza milimita 3, ya kumi imeongeza milimita 27. Na mbao mbichi husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisinyai kabisa, kwa hiyo viungo ulivyovibana vizuri leo vitaacha mwanya zikikauka. Ziache zikauke kwanza, hata kama mwenye ghala anapiga simu.

Nina vipande vitatu vya bomba: sentimita 40, 70 na 115. Nataka pembetatu ya kushikilia tenki. Haikutani. Nimekosea kukata?
*Fundi wa kuchomelea, Kibirizi, Kigoma*

Hukukosea kukata, umekosea kuchagua. Ukianza na pande badala ya pembe, kipimo ni kimoja: viwili vifupi vikijumlishwa vizidi kirefu. 40 na 70 ni 110, kirefu ni 115, umepungukiwa sentimita 5. Zingelingana ungepata vipande viwili vimelala juu ya cha tatu. Ukikata kirefu kiwe 105 itafunga, lakini pembe ya juu itakuwa karibu nyuzi 144, umbo bapa lisilobeba mzigo vizuri. Kata kirefu kiwe 80 hivi, utapata pembe ya juu ya karibu nyuzi 89. Kumbuka kutoa unene wa bomba kama vipimo vyako ni vya nje.

Mafundi wetu huweka kona ya msingi kwa 3, 4, 5. Nyumba ni mita 12 kwa 9. Walifanya hivyo na bado chumba cha mwisho kimepinda. Kanuni imeshindwa wapi?
*Mwenye nyumba, Nzega*

Kanuni ya Pythagoras haijashindwa. Pembetatu ya pande 3, 4 na 5 ina pembe mraba moja, iwe ni mita au hatua za mguu. Kilichoshindwa ni ukubwa wake.

Kosa la sentimita 1 kwenye ule upande wa mita 5, ambalo tepu iliyolegea inalitoa bila wewe kujua, linapotosha kona kwa karibu robo ya nyuzi. Ni kidogo. Lakini ukiurefusha ukuta hadi mita 12, mwisho wake umehama sentimita 5. Ukitumia 6, 8 na 10 kosa lilelile la sentimita 1 linaleta sentimita 2 na nusu. Na fundi mvivu anayetumia sentimita 60, 80 na 100 kwa sababu mita moja inatosha mkononi? Sentimita 1 yake inakuwa sentimita 25 mwisho wa ukuta. Chukua pembetatu kubwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Kamba ziwe usawa mmoja kwa pima maji au mpira wa maji. Tepu ikishuka kufuata mteremko inasoma ndefu kuliko hali halisi. Vuta tepu kwa nguvu ileile kila mara, na usianzie kwenye ndoano yake iliyolegea: anzia alama ya sentimita 10, kisha toa 10.

Halafu kagua kona kwa kona. Kwa bahati mita 12 kwa 9 zinatoa mita 15 kamili. Ukipata 15.03 upande mmoja na 14.97 upande mwingine, urefu wa kuta ni sahihi ila kona zimeinama. Vigingi viwili vya ukuta wa mbali wa mita 12 visogezwe pamoja kwa karibu sentimita 4, kufuata mstari wao, kuelekea upande unaofupisha ule mrefu. Usisogeze kimoja. Hilo hufanywa kabla ya kuchimba. Msingi ukishamwagwa zege, hizo sentimita utazimalizia kwenye vigae.

Najifunza kuandika programu. Nimeandika inayosoma pembe tatu na kusema kama ni pembetatu. Nikiingiza 60, 70, 50 inakataa. Nimeitazama mpaka macho yanauma.
*Mwanachuo, Tabora mjini*

Iambie programu ichapishe jumla yenyewe. Ukiona 607050, imeshika maandishi na kuyaunganisha badala ya kujumlisha namba. Geuza kila ingizo liwe namba kabla ya kufanya lolote.

Kisha masharti manne, yote kwa pamoja: a > 0, b > 0, c > 0, a + b + c = 180. Wengi huandika la mwisho tu, na programu inapokea 100, 95, −15 kwa furaha, kama yule mwanafunzi wa Ipuli. Kwa namba zenye desimali usidai usawa kamili. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, na ndani yake 0.1 + 0.2 hutoka 0.30000000000000004. Uliza kama tofauti kati ya jumla na 180 ni ndogo kuliko 0.000001, ukiondoa alama ya kutoa. Kama pembe zimetoka kwa kipimapembe, legeza hadi 3. Namba ya kuruhusu inafuata kifaa kilichopima.

Pima programu yako kwa seti hizi: 60, 60, 60; 179, 0.5, 0.5; 180, 0, 0; 90, 90, 0; 200, −10, −10. Mbili za kwanza tu ndizo zipite.

Nimeanza kazi ya kusaidia wapimaji ardhi. Kwenye pembetatu moja tumesoma 47°38′20″, 65°51′50″ na 66°29′35″. Kikokotoo kinanipa 179.1905. Kiongozi wangu anasema imefunga vizuri. Imefungaje? Na je, ni kweli kwamba pembetatu kubwa huzidi 180?
*Msomaji, Kasulu*

Umeingiza 47.3820 ukidhani ni nyuzi 47, dakika 38 na sekunde 20. Dakika ni sehemu za 60, si za 100; pembe hiyo kwa desimali ni 47.6389. Jumlisha kwa safu kuanzia kulia. Sekunde: 20, 50 na 35 ni 105, yaani dakika 1 na sekunde 45. Dakika: 38, 51 na 29 ni 118, na ile 1 ni 119, yaani nyuzi 1 na dakika 59. Nyuzi: 47, 65 na 66 ni 178, na 1 ni 179. Jumla 179°59′45″. Zimepungua sekunde 15.

Kama kona zote zimepimwa kwa kifaa kimoja na uangalifu mmoja, pungufu linagawanywa sawa: sekunde 5 kila pembe. Zinakuwa 47°38′25″, 65°51′55″ na 66°29′40″, jumla 180 kamili. Usiirundike yote kwenye pembe moja eti kwa sababu ni kubwa. Na pungufu likiwa la dakika kadhaa usiligawanye kabisa, rudi ukapime. Kugawanya ni kwa makosa madogo yasiyo na mwenyewe. Shamba la kona tano linakaguliwa vilevile, ila jumla ya pembe za ndani ni 540: idadi ya kona toa 2, mara 180.

La pembetatu kubwa ni kweli, na umeliuliza ukiwa mahali pake. Kasulu iko karibu kabisa na longitudo ya nyuzi 30 mashariki, ambayo katika miaka ya 1930 wapimaji waliifuata kwa mnyororo wa pembetatu kupitia magharibi ya Tanganyika. Jina Arc 1960, la msingi wa vipimo vya ramani, utakalolikuta kwenye ramani na hesabu nyingi za upimaji nchini, linatokana na mnyororo huo. Pembetatu ya namna hiyo yenye pande za kilomita 50 imelala juu ya mgongo wa dunia, na pembe zake zinazidi 180 kwa karibu sekunde 5 na nusu. Ziada hukua kwa eneo: sekunde 1 kwa kila kilomita za mraba 197 hivi. Unganisha Kigoma, Mwanza na Tabora kwa mistari mifupi kabisa juu ya uso wa dunia. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 49,000, na jumla ya pembe zake inafika 180 na dakika 4 hivi. Hapo anayelazimisha 180 kamili ndiye anayekosea.

Kwa shamba la ekari 10 ziada hiyo haifiki hata sehemu ya elfu moja ya sekunde. Zile sekunde 15 zimetoka kwenye kifaa, tripodi au jicho. Kagua kwanza kama miguu ya tripodi imezama udongoni tangu asubuhi.